Mmea Usio na Haraka: Mwanga na Chakula cha Anubiasi

Mwenyekiti wa kikao, wakubwa zangu shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, habari za asubuhi.

Nimepewa dakika arobaini, na mke wangu amenipa sharti lake: beseni lile la bluu pale mlangoni lirudi nyumbani kabla ya magharibi, tena likiwa tupu, kwa sababu kesho ni siku ya kufua. Kilichomo ndani tutakifikia mwishoni. Kwa sasa naomba msilisogelee.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonifikisha hapa mbele yenu.

Miaka saba iliyopita fundi wa vioo alinitengenezea tangi la lita 100. Nikaweka mchanga, nikapanga mawe, nikatia samaki, kisha nikanunua mashina matatu ya anubiasi, mmea wa majini wa kupamba tangi la samaki, kwa bei ambayo mpaka leo sijamtajia mtu nyumbani. Majani yalikuwa mazito, ya kijani kilichokolea, kama yamepakwa mafuta. Nikavuta kiti nikakaa kuyatazama. Wiki ya kwanza, hakuna jipya. Wiki ya pili, hakuna. Ya tatu nikasema hapana, huu mmea una njaa au uko gizani, au vyote viwili.

Nikaenda kununua taa ya LED ya wati 50, ile ambayo watu hufunga juu ya geti kumulika uani. Nikaitundika juu ya tangi, naiwasha saa kumi na mbili asubuhi, naizima saa mbili usiku. Saa kumi na nne kila siku! Baada ya muda majani yakaanza kushika vidoa vya kijani, vigumu, ukivikwangua kwa ukucha havitoki. Nikajiambia: naam, si nilisema njaa? Mama yangu alikuwa na mfuko wa urea wa kuwekea mchicha. Nikachota kijiko cha chai, nikamwaga ndani.

Asubuhi ya siku ya pili samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanatafuta hewa. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeopoa kumi na mmoja. Anubiasi yenyewe haikufa. Ilibaki pale pale na madoa yake, na wiki iliyofuata jani jipya, lile nililokuwa nalisubiri, likachomoza kana kwamba halikupata habari za msiba.

Jani hilo lilinikosesha usingizi kuliko samaki. Lilikuwa limeanza kuumbwa ndani ya shina kabla sijanunua taa na kabla sijagusa mfuko wa mama. Mmea ulikuwa kazini muda wote. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kusoma saa yake.

Sasa mmea wenyewe. Anubiasi ni Mwafrika mwenzetu. Kwao ni misitu ya mvua ya magharibi na kati, Kameruni, Gabon, mpaka Kongo, kandokando ya vijito, imeng'ang'ania mawe na mizizi ya miti, maji yakijaa inazama, yakipungua inabaki nje. Jina ililipata mwaka 1857 kwa mtaalamu wa mimea wa Austria, Heinrich Wilhelm Schott, aliyelitoa kwa Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya kale. Ukoo wake ni ule ule wa magimbi. Ndiyo, magimbi haya haya ya futari. Siku anubiasi yako ikitoa ua, utaona kijiti kimefunikwa na jani jeupe lililojikunja, na hapo undugu hauna ubishi. Ila gimbi ni mlafi, linataka jua na samadi na kwa msimu mmoja limejaza shamba. Huyu ndugu yake wa kivulini jani moja analifanyia kazi wiki tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Na cha kuchekesha, leo anakuzwa kwa wingi katika mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki na Ulaya, ndipo anarudishwa kwetu kwa bei ya mgeni.

Nikisema anubiasi leo, nawajumuisha na wenye tabia kama yake: kangaga la Afrika, yaani bolbitisi, kangaga la Java, kriptokorini za Sri Lanka na Asia ya Kusini-Mashariki, na bucefalandra ya Borneo, ambayo kwa kukua taratibu inaishinda hata anubiasi. Wote hawa ni watu wa chini ya miti.

Tuchukue namba kidogo, kisha tutaziacha. Mwanga ambao mmea unaweza kuutumia hupimwa kwa maikromoli, ngapi zinaangukia mita moja ya mraba kwa sekunde moja. Jua la saa sita mchana hapa kwetu, anga bila mawingu, linafika kama 2,000. Ndani ya msitu mnene, kinachopenya hadi ardhini ni asilimia moja au mbili. Piga hesabu mwenyewe: maikromoli 20 hadi 40. Hicho ndicho alichozaliwa nacho, na majani yake yameumbwa kwa ajili hiyo: mazito, ya kudumu mwaka na zaidi, yanayokusanya kidogo kidogo bila kutumia ovyo.

Taa yangu ya geti nilikuja kuipima baadaye. Ilikuwa inatoa karibu 130 pale majani yalipokuwa.

Naona mzee wangu hapa mbele anatikisa kichwa. Anajiuliza: mwanga ukizidi si mmea utakua haraka zaidi? Mzee wangu, umewahi kujenga. Mwanga ni fundi mwashi, anayepanga tofali. Mbolea na hewa ukaa ni saidia fundi, anayeleta udongo. Fundi akiwa mwepesi, saidia fundi lazima akimbie, la sivyo ukuta unasimama na fundi anakaa kivulini akidai posho yake. Ukitia taa kubwa, umeongeza kasi ya kuagiza, hujaongeza kuletewa. Na hewa ukaa ndani ya maji inatembea taratibu mno, mara elfu kumi polepole kuliko inavyotembea hewani. Kwa mimea ya mbio watu hufunga mtungi wa gesi hiyo ya hewa ukaa ili saidia fundi aweze kukimbia. Lakini fundi wetu huyu wa kivulini, hata ukimletea udongo mlima mzima, mkono wake ni huo huo. Umeumbwa mdogo, unapanga kidogo. Udongo uliobaki kwenye karai nani anauchukua? Mwani, ule ukoga wa kijani unaoota majini. Mwani hauhitaji kualikwa. Na jani la anubiasi, kwa kuwa linakaa pale mwaka mzima bila kujivua, ni baraza zuri la kukalia. Mmea wa mbio ungekuwa umeshaliacha jani hilo nyuma na kutoa mengine kumi.

Wa Mwanza na Kisumu wanaujua upande wa pili wa hesabu hii. Gugu maji lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, lilikuta vyote viwili: jua kamili usoni pa maji, na maji yenye naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na mijini. Fundi mwepesi, saidia fundi wengi. Bandari zikafungwa na majani. Hakuna mtu atakayefungiwa bandari na anubiasi.

Kwa hiyo taa. Wauzaji watakutajia wati, na wati hazikuambii kitu tena tangu LED zije, kwa sababu wati kumi za taa nzuri hushinda ishirini za taa mbovu. Ukiwa na lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa, imeandikwa kwenye boksi, lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita ya maji zinawatosha hawa. Tangi la lita 100 ni lumeni 1,000 mpaka 2,000, basi. Balbu moja au mbili za nyumbani. Rangi yake, nyeupe ya kelvini 6,500 inapendeza machoni, na mmea hauna ugomvi nayo.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya simu. Simu nyingi zina kijicho cha kupimia mwanga, na programu za kusoma laksi, yaani kipimo cha mwanga unaoangukia mahali, zipo za bure. Kabla hujajaza maji, weka simu pale mmea utakapokaa, uso juu, washa taa. Chukua namba ya laksi, gawa kwa 70, utapata maikromoli kwa makadirio, maadamu taa ni ya LED nyeupe. Laksi 2,100 ni maikromoli 30. Si kipimo cha maabara, simu na simu hutofautiana, lakini itakuokoa na kosa la mara nne kama langu. Tangi likiwa limeshajaa, usizamishe simu, tafadhali. Mwaka juzi kuna mtu aliniambia ameambiwa na mimi afanye hivyo. Shika simu nje, umbali ule ule kutoka kwenye taa, ujue maji yatapunguza kidogo.

Kisha masaa. Sita au saba kwa siku. Sisi tunatoka kazini jioni, basi washa saa kumi na moja jioni, zima saa tano usiku, uyafaidi majani yako ukiwa nyumbani. Nunua swichi ya saa ile ya kuchomeka ukutani. Bila hiyo utasahau, watoto watasahau, na mmea utapata saa nne leo, kumi na mbili kesho. Dirisha nalo ulihesabu. Wapo wanaosema taa yangu ni saa sita tu, mbona mwani? Unakuta tangi limeegemea dirisha la mashariki, na jua la asubuhi linapiga kioo saa mbili nzima kabla taa haijawaza kuwaka.

Umeme ukikatika, usihangaike kwa ajili ya hawa. Siku mbili tatu za giza kwao ni sawa na mawingu. Hangaikia samaki, kwa sababu pampu imesimama na maji yetu ya moto, nyuzi 28 na kuendelea, hushika oksijeni kidogo. Ukiwa na betri ndogo, ipe pampu ya hewa. Taa iache.

Na kama taa yako ni kali na huna hela ya kubadilisha, ipandishe juu sentimita ishirini, au tandaza mimea inayoelea ifunike theluthi ya uso wa maji. Ni mwavuli, na juu ya hapo inakula naitrojeni iliyozidi. Ukiipunguza, ikaushe juani au itie kwenye mboji. Usiitupe mtaroni, tumeshataja Ziwa Victoria.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoua.

Urea, DAP, CAN, na NPK nyingi za dukani zimetengenezwa kwa ajili ya udongo. Naitrojeni yake, yote au sehemu kubwa, imo katika sura ya amonia au inageuka kuwa amonia. Shambani bakteria na udongo wanaishughulikia kabla haijamdhuru mtu. Ndani ya maji, samaki anaogelea humo humo. Na maji yetu ya visima ya ukanda huu mara nyingi yana pH ya 8, pH ikiwa kipimo cha asidi ya maji, ambapo 7 ni katikati na juu ya hapo asidi haipo. Amonia ina sura mbili, moja ya upole na moja ya sumu, na pH ndiyo inayogawa. Kwa joto la nyuzi 28, kwenye pH 7 ile ya sumu haifiki hata asilimia moja. Kwenye pH 8 inakaribia saba. Mara tisa, kumi, kwa kijiko kile kile. Mtu wa kisima chenye pH ya chini anaweza kutia urea kidogo na samaki wakasalimika, akaja akakushauri kwa nia njema kabisa. Usimfuate.

Kabla ya kununua chochote, hesabu samaki. Samaki wanakula, wanakunya, na humo mna naitrojeni na fosforasi. Tangi lenye samaki wengi na anubiasi chache limeshashiba vitu hivyo viwili. Kinachokosekana huko kwa kawaida ni potasiamu na madini ya chuma. Mtu wa namna hiyo akinunua mbolea kamili ya chupa, namwambia rudisha, au tumia robo ya kilichoandikwa.

Kwa wenye samaki wachache na mimea mingi, duka la pembejeo linalohudumia wakulima wa nyumba za vioo na umwagiliaji wa matone lina unachohitaji: naitreti ya potasiamu, salfeti ya potasiamu, na fosfeti ya monopotasiamu. Hivi havina amonia. Muulize muuzaji, soma mfuko, usikubali kuambiwa ni kitu kimoja na CAN. Utakuta anauza kwa kilo, na kilo moja itakufikisha uzeeni, basi changeni watu watano.

Chukueni kalamu. Chupa ya kwanza, nusu lita ya maji: gramu 40 za naitreti ya potasiamu. Mililita 10 kwenye tangi la lita 100 zinapandisha naitreti kwa takriban miligramu 5 kwa lita, na potasiamu kwa 3. Chupa ya pili, nusu lita: gramu 7 za fosfeti ya monopotasiamu. Mililita 5 zinaongeza fosfeti nusu miligramu kwa lita. Wenye samaki wengi achaneni na chupa hizo mbili, tengenezeni ya salfeti ya potasiamu peke yake, gramu 25 kwa nusu lita. Mililita 10 zinakupa potasiamu miligramu 2 na ushee. Mara moja kwa wiki, baada ya kubadilisha theluthi ya maji. Andikeni chupa zenu majina, mziweke juu ambako mtoto hafiki.

Wapo watakaosema hicho ni kidogo mno. Wamesoma mtindo alioueneza Mmarekani Tom Barr, wa kutia mbolea kwa kukadiria, kwa wingi, kisha kubadilisha nusu ya maji kila wiki ili kilichozidi kiondoke. Ni mtindo mzuri, na mimi mwenyewe nimeutumia. Lakini ulibuniwa kwa matangi ya taa kali na mtungi wa gesi, mafundi wanaokimbia. Ukiuhamishia kwa anubiasi chini ya maikromoli 30, haudhuru sana, unamwaga tu mbolea yako bombani kila wiki.

Chuma ni habari ya peke yake. Madini ya chuma yakitiwa hivi hivi kwenye maji yenye pH ya juu yanageuka kutu, yanazama, mmea unayatazama tu. Ndiyo maana hufungwa ndani ya kemikali inayoyashikilia. Kwenye mfuko utaona herufi. EDTA inaachia mapema, pH ikikaribia 7 imeshaanza kulegea. DTPA inavumilia hadi 7 na nusu hivi. EDDHA inafika juu zaidi, 9 na kupita, ila inayafanya maji yawe mekundu kama juisi ya rozela. Samaki hawajali, wageni wako watajali. Kwa maji ya kisima mimi hutumia DTPA ingawa kwenye pH 8 haidumu, ndiyo maana naitia kidogo, mara mbili kwa wiki. Na usiichanganye kwenye chupa moja na fosfeti. Zinashikana, zinaganda chini, na umepoteza vyote viwili. Siku ya fosfeti iwe nyingine na siku ya chuma nyingine.

Wale mnaofuga samaki wa Kigoma, maji yenu yana pH ya 9 karibu, mkiiga Ziwa Tanganyika kwa uaminifu. Anubiasi itawavumilia, na jani lake gumu samaki wengi hawalitaki mdomoni. Ila msitegemee kile chuma cha EDTA.

Mmea ukiwa na shida, soma umri wa jani kabla hujasoma rangi yake. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesi mmea unaweza kuzihamisha. Zikipungua, unampora mzee ili umlishe mtoto. Basi majani ya zamani ndiyo yanayokuwa ya manjano au yanatoboka vitundu. Chuma na kalisi hazihamishiki. Zikikosekana, jani jipya linazaliwa limepauka huku wazee wana afya. Vidoa vya kahawia vilivyopangwa chini ya jani la kangaga la Java, hivyo si ugonjwa. Ni vifuko vya spora zake, zinazofanya kazi ya mbegu. Nimeshaona mtu akiyakata majani yote kwa sababu ya vidoa hivyo.

Na sasa turudi kwenye madoa yangu ya kijani, magumu, ya kwenye jani. Nilipokuwa najifunza, kila mtu aliniambia fosfeti ndiyo inayoleta mwani, ipunguze. Nikapunguza. Nikanunua mpaka sponji ya kuinyonya. Madoa yakaongezeka. Ilinichukua mwaka kuukubali ushauri wa kinyume: kwa mwani huu wa madoa, mara nyingi fosfeti imepungua mno wakati taa imezidi. Nikashusha taa kutoka masaa kumi na nne hadi saba, nikapandisha fosfeti hadi miligramu moja kwa lita. Madoa yaliyokuwepo hayakuondoka, na hayataondoka, jani lililokwisha kupata kovu lina kovu. Lakini majani yaliyozaliwa baada ya hapo yalitoka safi.

Hilo ndilo ninalotaka mlibebe. Jani unaloliona leo kwenye anubiasi ni barua iliyoandikwa miezi miwili iliyopita. Inakueleza mwanga ulivyokuwa wakati ule, mbolea ilivyokuwa wakati ule. Ukiisoma leo halafu ukabadilisha taa leo, ukaongeza mbolea keshokutwa, ukapunguza Ijumaa kwa sababu hujaona jibu, majibu ya vitendo vyako vitatu yatakuja yamechanganyika baada ya Idi na hutajua lipi ni la lipi. Kwa mmea wa mbio unaweza kujaribu jambo kila wiki. Hapa ni jambo moja kwa wiki sita. Sitawaambia haraka haraka haina baraka, mmeisikia tangu chekechea. Nawaambia chukueni uzi.

Mimi kila jani jipya linapokunjuka nafunga kipande cha uzi kwenye kikonyo chake, rangi moja kwa kila miezi miwili. Nyekundu ni Januari na Februari, nyeupe Machi na Aprili, na kuendelea. Kwenye daftari naandika taa ilikuwa saa ngapi na chupa zilikuwa mililita ngapi. Mwaka jana shina langu kubwa lilitoa majani kumi na manne. Ya uzi mweupe yalitoka madogo na yamepauka. Nikafungua daftari, nikakuta Februari nilisafiri na chuma hakikutiwa. Bila uzi ningelaumu taa.

Yaliyobaki nitayapitia mbio. Mwani mweusi wa manyoya kwenye kingo za majani: toa jiwe lote na mmea wake nje ya maji, upake sehemu ile haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ya duka la dawa, kwa brashi ya zamani ya meno, subiri dakika mbili, suuza, rudisha. Utageuka wekundu kisha utakufa. Kriptokorini ni tofauti na wengine kwa sababu inakula kwa mizizi, hivyo chakula chake kizikwe mchangani karibu nayo. Ukiihamisha, majani yote yanaweza kuyeyuka kama mlenda ndani ya wiki. Usiing'oe. Mizizi i hai, na baada ya mwezi itachipua. Dada mmoja wa Tabata alinipigia simu akilia juu ya kriptokorini zake, akazitupa kabla sijampigia tena. Udongo maalumu wa bei kubwa kwa anubiasi na makangaga ni kupoteza pesa, kwani hawaishi udongoni.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye beseni, kwa sababu naona mwenyekiti ameshaanza kutazama saa.

Ndani mna vipande ishirini na viwili vya anubiasi, vyote kutoka kwenye yale mashina matatu ya mwanzo. Nimevikata juzi kwa kisu kikali, kila kimoja kina majani matatu au manne na kipande cha shina nene linalolala, lile linalofanana na tangawizi. Shina hilo msilizike. Likifunikwa na mchanga linaoza, na hiki ndicho kifo kinachoua anubiasi nyingi kuliko taa na mbolea zikiwekwa pamoja. Lifungeni juu ya jiwe kwa uzi wa kushonea, mizizi italishika jiwe yenyewe baada ya miezi michache, uzi mtaukata. Kila kipande kimefungwa tayari na uzi wa kijani kwenye jani lake changa zaidi, ili mjue ni la lini. Majani yote yatakayotoka juu yake ni yenu.

Mmoja kwa kila mtu, wakubwa kwanza. Na aliye karibu na mlango anisaidie kumwaga maji.